Majina matatu, simu moja

Mtandaoni nina majina matatu. La kwanza ni la kwenye cheti, wanalonijua nalo ndugu na walimu wenzangu. La pili ni la duka, maana nauza madera ninayoyafuata Kariakoo. La tatu ni lakabu ya mashairi, na hilo sikwambii.

Nilijiona nimejificha, mpaka Jumatatu moja mteja aliponifuata getini shuleni, dera mkononi, limechuja. "Mwalimu, ndiyo biashara gani hii?" Wanafunzi wanatazama. Kumbe alipokuwa ananitumia pesa kwa simu, kabla hajaweka namba ya siri, lilimtokea jina langu kamili, mpaka la babu. Akaliandika Facebook, akakuta picha ya mahafali nimesimama chini ya kibao cha shule. Kwisha habari.

Kwa hiyo anza na namba, majina baadaye. Nunua laini ya duka peke yake. WhatsApp ya biashara inakaa simu moja na ile ya kawaida, kila moja na laini yake. Malipo pokea kwa lipa namba, na simama na wakala anapoijaza. Wa kwangu alishaandika jina langu, nikamwambia, "Kaka, futa, andika la duka."

Laini isajili kwa kitambulisho chako, usiazime cha mtu. Piga *106# uone zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika waifute. Mimi nawakimbia wateja, siyo polisi.

Kila jina lipe barua pepe yake na nywila yake. Zangu nimeziandika daftarini, liko kabatini chini ya vitenge. Wanaotaka kucheka wacheke. WhatsApp iwekee PIN ya tarakimu 6, na ile namba inayokuja kwa meseji asiipate yeyote, hata akijiita huduma kwa wateja. Programu ikiomba kusoma majina uliyoyahifadhi kwenye simu, kataa. Mimi nilikubali bila kusoma, na shemeji yangu akapendekezewa akaunti ya mashairi. Bahati yangu hasomi mashairi.

Sasa picha, hapa ndipo wengi tunapoanguka. Nilikuwa natundika dera dirishani, mwanga mzuri, napiga. Siku moja mteja akaniandikia: "Dada, kumbe unakaa Kijichi? Huyo Mangi wa nyuma namjua." Nikaikuza picha. Kweli, pembeni ya bega la dera kuna duka la Mangi, ndoo zake za mchele na bango la rangi ya chungwa. Siku hizi napigia mbele ya pazia la bluu, mlango umefungwa. Ukituma picha kama faili badala ya picha ya kawaida, inaweza kubeba na mahali ilipopigwa, basi zima ruhusa ya mahali kwenye kamera. Mzigo nao mteja anachukulia Rangi Tatu kituoni, au bodaboda anampelekea. Nyumbani haji mtu.

Lakabu ina shida yake. Washairi wa magazetini walikuwa nazo tangu zamani, lakini mtu hujulikana kwa maneno yake. Dukani nilizoea kuandika "haya wapenzi wa macho". Nikaliingiza kwenye shairi, na mwalimu mwenzangu, mteja wangu, akanitazama siku nzima ofisini akitabasamu.

Mwisho, wateja wako nao wana majina. Nilikuwa naposti skrinshoti za malipo kama ushuhuda, jina na namba ya mtu nje nje. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na hata bila hiyo, getini nilishaonja. Sasa nakata kipande chenye jina kabisa. Usizibe kwa ile kalamu ya rangi inayopenyeza mwanga: mtu akiongeza mwangaza wa picha, anasoma kila kitu.