Tatuu ya Konyeza kwenye Ngozi Nyeusi: Kuchagua Umbo na Mahali pa Kumchora

Wengi wanaotaka tatuu ya konyeza, yule mnyama wa baharini mwenye mwili laini kama mwavuli, huja na picha ya simu inayomwonyesha mnyama huyo aking'aa kwa buluu hafifu na nyeupe juu ya ngozi ya Mzungu, nao huomba wachorwe vilevile. Picha hiyo hainakiliki kwenye ngozi nyeusi, na mchoraji mwaminifu humweleza mteja jambo hilo kabla hajafungua sindano. Wino wa tatuu hukaa chini ya tabaka la juu la ngozi, kwenye kina cha kama milimita 1 hadi 2, ilhali weusi wetu wa asili umo katika tabaka lile la juu. Kwa hiyo kila wino tunauona kupitia rangi ya ngozi, kama mtu anayetazama kitambaa kupitia chupa ya kahawia. Nyeupe iliyong'aa siku ya kwanza huwa njano iliyofifia baada ya kidonda kupona, na mara nyingine haionekani kabisa. Hata hivyo konyeza, ambaye uzuri wake wote umo katika mwili unaopitisha mwanga, huchorwa vizuri sana kwenye ngozi nyeusi, ila mwanga wake lazima utoke kwenye ngozi yenyewe iliyoachwa bila wino.

Njia bora ya kulielewa jambo hili ni kumtazama mnyama mwenyewe. Ukimkuta konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, ametupwa mchangani wakati wa maji kupwa, usimguse, kwa sababu seli zake zinazowasha zinaweza kuchoma hata baada ya yeye kufa. Inama tu umtazame. Katikati ya kengele yake, yaani ule mwili wake ulio kama mwavuli, utaona chembe za mchanga zilizo chini yake, kana kwamba umeweka kioo juu ya ardhi, kwa maana mwili huo karibu wote ni maji. Giza limekusanyika ukingoni, pale kengele inapojikunja, na katika mikunjo ya mikono yake ya kati. Hiyo ndiyo ramani ya wino: ukingo na mikunjo vitiwe weusi mzito, kivuli kipungue taratibu kwa nukta nukta kuelekea katikati, kisha katikati pasiguswe. Mchoraji anayejaza kengele yote kwa kijivu atapata uyoga, na hakuna nyeupe itakayomrudisha konyeza wake.

Baada ya hapo chagua ni konyeza gani, kwa kuwa aina ni nyingi na kila moja inadai nafasi yake. Aurelia aurita, anayefananishwa na mwezi, ana kengele bapa yenye maumbo manne kama kwato za farasi yanayoonekana kupitia mwili, na minyiri yake, yaani nyuzi zinazoning'inia ukingoni, ni mifupi kama matamvua ya kikoi. Huyu ndiye anayefaa kwa mchoro mdogo, ingawa mimi sishuki chini ya sentimita 5 kwa upana wa kengele, kwa sababu maumbo yale manne yakibanwa huungana na kuwa doa baada ya miaka michache. Chrysaora hysoscella ana mistari ya kahawia yenye umbo la V, kwa kawaida 16, inayotoka juu ya kengele kama miale, pamoja na mikono minne mirefu yenye marinda. Mistari hiyo hukubali wino mweusi bila shida, na kwa maoni yangu hakuna konyeza anayeipendeza ngozi yetu kuliko huyu. Cyanea capillata wa bahari za baridi za kaskazini, ambaye kengele yake inaweza kuzidi mita 2 na minyiri kuvuka mita 30, anahitaji mgongo mzima au paja zima. Ukimpunguza ili atoshee kwenye kifundo cha mkono, unabaki na fundo la nyuzi. Yupo pia Cassiopea, anayelala chali katika maji ya kina kifupi penye mikoko, mikono yake yenye matawi ikitazama juu. Anamfaa mtu ambaye hataki kusumbuka na swali la juu na chini, kwa kuwa anapendeza akitazamwa kutoka upande wowote.

Wapo wanaotaka konyeza kwa ajili ya maana. Aliyepona ugonjwa mrefu huvutiwa na Turritopsis dohrnii, kiumbe asiyezidi milimita 5, ambaye akijeruhiwa au akikosa chakula anaweza kurudi katika hali yake ya uchanga na kuanza kukua upya. Aliyefiwa huenda akapenda kujua kwamba Ernst Haeckel, mwanasayansi wa Ujerumani aliyechapisha michoro ya viumbe wa bahari kati ya 1899 na 1904, alimpa konyeza mmoja mwenye minyiri mirefu jina la Anna Sethe, mke wake aliyefariki mwaka 1864. Michoro hiyo ya Haeckel ni mwalimu mzuri wa ulinganifu na marinda, lakini isinakiliwe jinsi ilivyo, kwa sababu ilikusudiwa kutazamwa kwenye karatasi, na mistari yake midogo imesongamana kupita kiasi ambacho ngozi inaweza kukihifadhi.

Mahali pa kuchora pachaguliwe kwa kufuata jinsi konyeza anavyokwenda. Yeye hufumba kengele, maji husukumwa nje, naye husonga mbele huku minyiri ikimfuata kwa kuchelewa kidogo. Kila nikimwona akifumba na kufumbua hivyo, kama jicho linalokonyeza, huona jina lake limemkaa. Bega ndilo linalompokea kwa urahisi kuliko sehemu nyingine zote. Msuli wake tayari ni kuba, kwa hiyo kengele ikikalishwa juu yake haihitaji kivuli kingi ili ionekane ya mviringo, na minyiri ikishushwa ubavuni mwa mkono hadi karibu na kiwiko hutikisika kila mwenye nayo anapoinua mzigo. Mbavu nazo hufanya jambo ambalo hakuna sehemu nyingine inayoliweza: kila pumzi ikiingia, kengele hupanuka, na ikitoka, hufumba. Maumivu ya hapo ni makali, na anayechorwa tatuu yake ya kwanza asianzie mbavuni.

Kigasha hupendwa kwa sababu mwenye tatuu huiona kila siku. Weka kengele karibu na kiwiko na minyiri kuelekea kiganja, ili mkono ukiwa umening'inia konyeza aonekane akipanda juu. Wapo wanaotaka kinyume chake, ili wao wenyewe wakitazama mkono wamwone amesimama sawasawa. Mimi huwashauri waliache wazo hilo, kwa maana watu wengine wote watamwona konyeza anayezama. Jambo linalosahaulika hapa ni kwamba ngozi ya kigasha huzunguka pamoja na mifupa kila unapogeuza kiganja, hasa karibu na kifundo. Mnyiri uliochorwa ukiwa umenyooka wakati mkono umelazwa mezani hujipinda mara mwenye mkono anaposimama, kwa hiyo karatasi ya kunakili mchoro ibandikwe mtu akiwa amesimama na mikono imelegea, kisha atembee, ajitazame kwenye kioo, apigwe picha kwa nyuma, na ikibidi ifutwe na kubandikwa upya mara tatu au nne. Shavu la mguu na paja hufuata kanuni hiyohiyo. Vidole, viganja na nyayo viachwe, kwa kuwa wino hufifia hapo haraka mno, na tumbo la mwanamke anayetarajia kuzaa lisubiri.

Sisi watu wa pwani tuna njia ya kujaribu ambayo wengine hawana. Dada mmoja alinijia akiwa ameshaamua kwamba konyeza wake atakaa juu ya kifundo cha mguu. Nikamwomba kwanza aende kwa fundi wa hina, achorwe umbo lile lile, akae nalo hadi lifutike. Baada ya siku kumi alirudi akasema kwamba mkanda wa kiatu ulikuwa ukikata minyiri katikati kila alipokwenda kazini, na tukahamia shavu la mguu, sentimita 12 juu zaidi, ambako konyeza wake yuko hadi leo. Hina ya majani hukaa wiki moja hadi tatu, muda unaotosha kabisa kuujua mchoro. Piko jeusi lililochanganywa na dawa ya nywele lisitumike kwa jaribio hili, kwa sababu linaweza kuunguza ngozi na kumwachia mtu mzio wa kudumu.

Minyiri ndiyo inayoharibika mapema kuliko sehemu nyingine ya mchoro. Wino husambaa kidogo kidogo ndani ya ngozi kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo mistari miwili iliyoachana kwa upana wa uzi itakuwa mstari mmoja. Mimi hupendelea minyiri minane au kumi yenye nafasi ya milimita 4 au zaidi kati yake, mmoja ukiwa mnene, mwingine mwembamba, na michache ikikatika na kuwa nukta kabla haijafika mwisho, kuliko minyiri arubaini inayopendeza kwa mwaka mmoja tu. Kwa rangi, buluu nzito, zambarau na nyekundu iliyoiva huonekana vizuri zaidi kuliko rangi zile za maji maji. Mwombe mchoraji atie vitone vichache vya rangi hizo mahali palipofichika, kisha rudini kuvitazama vikiwa vimepona baada ya mwezi mmoja au miwili.

Afya haina mjadala. Sindano itolewe kwenye pakiti mpya mbele ya macho yako, wino umiminwe kwenye kikombe cha mtu mmoja, na glavu zibadilishwe kila zinapogusa kitu kingine, kwa sababu virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI huweza kupita kwenye sindano iliyotumika. Watu wenye ngozi nyeusi hupata makovu yanayovimba na kuota, yaani keloidi, zaidi kuliko wengine, hasa kifuani, mabegani na juu ya mgongo. Ikiwa kovu la sikio lililotobolewa au la chanjo liliwahi kukuvimba, au ndugu zako wa damu wana tatizo hilo, muone daktari wa ngozi kwanza, na bega nililolisifu hapo juu huenda lisiwe lako.

Fikiri pia kuhusu kazi na nyumbani. Matangazo ya ajira za Jeshi la Polisi na Uhamiaji nchini Tanzania hudai mwombaji asiwe na alama za michoro mwilini, na kwa familia nyingi za Kiislamu tatuu ya kudumu ni haramu. Kufuta kwa leza ni ghali, huchukua vipindi vingi, na kwenye ngozi nyeusi kunaweza kuacha baka jeupe au jeusi.

Ukishachorwa, osha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa safi, kisha paka mafuta kidogo sana. Usibandue magamba hata yakiwasha. Baharini usiingie hadi ngozi ijifunge kabisa, jambo linalochukua wiki mbili hadi nne, wala usiianike juani. Rudi kwa mchoraji baada ya wiki sita, mchana, mkae karibu na dirisha. Ukingo wa kengele ukionekana umepungua mahali, aongeze nukta hapo tu, na katikati paachwe kama palivyo.