Programu ya C ya Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme

Kanuni ni mbili tu: ukinzani ni volteji kugawanya kwa mkondo, na nguvu ni volteji mara mkondo. Hesabu hizo hazina shida. Wanaoanza hukwama kwenye kusoma namba, kwa hiyo tutakaa zaidi hapo.

Hatua ya 1. Fungua faili, liite `umeme.c`, uandike:

```c
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    double v, i;

    printf("Volteji (V): ");
    if (scanf("%lf", &v) != 1)
        return 1;

    printf("Mkondo (A): ");
    if (scanf("%lf", &i) != 1 || i == 0) {
        printf("Mkondo si sahihi.\n");
        return 1;
    }

    printf("Ukinzani: %.2f omu\n", v / i);
    printf("Nguvu: %.2f W\n", v * i);
    return 0;
}
```

Vigeu ni `double`, si `int`. Kwa `int`, 12 ukigawanya kwa 5 unapata 2 badala ya 2.4, desimali inakatwa kimyakimya. `double` husomwa kwa `%lf`. Ukiweka `%f`, `scanf` hujaza baiti 4 kati ya 8 za kigeu, na namba inayotoka haina maana. Usisahau `&` pia, maana `scanf` inahitaji anwani ya kigeu.

Hatua ya 2. Kwenye terminali:

```
gcc -Wall umeme.c -o umeme
./umeme
```

`-Wall` (inayoiambia `gcc`, kikusanyaji cha C, itoe maonyo) usiiache kamwe: makosa ya `%f` na `&` hupita bila kuzuiwa, na onyo lake ndilo litakalokuokoa.

Hatua ya 3. Jaribu kwa 240 na 0.25. Lazima upate omu 960.00 na wati 60.00. Hakiki kwa njia nyingine, mkondo mara mkondo mara ukinzani: 0.25 × 0.25 × 960 ni 60. (Ukitaka kipeo cha pili ndani ya C, andika `i * i`, alama `^` si ya kipeo.)

Desimali ni nukta, si mkato. Ukiandika mkondo 1,5 programu inasoma 1 na kuendelea kana kwamba hakuna kosa. Ukiweka mkato kwenye volteji, utaambiwa mkondo si sahihi kabla hujaugusa, kwa sababu `,5` ilibaki ikisubiri kusomwa.

Miliampia zigawanye kwa 1000 kwanza: 500 mA ni 0.5. Na kwa umeme wa mkondo geu (AC), majibu haya yanafaa kwa hita au pasi. Mota ina kipengele cha nguvu (power factor, yaani sehemu ya volteji mara mkondo inayofanya kazi kweli), ambacho programu hii haikijui.