Bordeaux ya 2019 kwa mfuko wa kawaida: kuchagua, kusoma lebo na kukagua chupa

Kwa mvinyo wa Bordeaux, mkoa wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, kanuni ni hii: mwaka mzuri, nunua jina dogo. Mwaka mbaya, kama huna budi, nunua jina kubwa au acha kabisa.

Sababu iko shambani. Mwaka wa mvua na baridi, kama 2013 au 2021, shamba tajiri la Bordeaux lina fedha za kupambana: vibarua hupita mara mbili tatu kwenye mistari ile ile ya mizabibu, zabibu huchambuliwa mezani, na zilizobaki mbichi au zilizooza hutupwa. Mkulima mdogo wa Blaye, eneo la bei nafuu la Bordeaux, hupitisha mashine ya kuvunia mara moja, akakamua alichopata. Mvinyo wake hutoka mwepesi na mkali, wenye harufu ya pilipili hoho mbichi. Lakini mwaka ambao jua limetosha na mvua imekuja kwa wakati wake, hali ya hewa inawafanyia wote kazi hiyo bure. Pengo la ubora kati ya mkubwa na mdogo linapungua, huku pengo la bei likibaki pale pale. Hapo ndipo mnunuzi wa kawaida anapofaidi.

Kwa nini 2019

Majira ya joto ya 2019 huko Bordeaux yalikuwa makavu, yakiwa na mawimbi ya joto kali mwezi Juni na Julai, kisha mvua ya mwisho wa Julai na nyingine ya Septemba zikaipa mizabibu nafuu. Zabibu ziliiva vizuri na bado asidi ikabaki, ndiyo maana mvinyo wa mwaka huo una utamu wa tunda bila kuwa mzito kama jamu. Halafu kuna suala la bei. Mavuno hayo yalitangazwa sokoni katikati ya 2020, wakati korona imefunga migahawa na viwanja vya ndege, na mashamba mengi yenye majina yakashusha bei ukilinganisha na 2018. Isitoshe, chupa za bei nafuu za mwaka huo zimeshakuwa na umri wa kunyweka. Hazihitaji kuwekwa miaka kumi.

Ukikosa 2019, chukua 2016, 2020 au 2022. Ile ya 2016 ina ukakasi zaidi ulimini na hudumu sana, ila chupa nyingi za bei ya chini za mwaka huo zimeshanywewa. 2022 ulikuwa mwaka wa ukame mkali. Mvinyo wake ni mnene na pombe yake iko juu. 2018 ni mzuri pia, lakini ubwiri vinyoya, ugonjwa wa kuvu, ulishambulia mashamba kadhaa, hasa ya kilimo hai, hivyo chagua kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2017 jalidi ya mwisho wa Aprili iliunguza machipukizi kwenye mabonde. Walioko miinukoni karibu na mto Gironde walinusurika. Kwa chupa ya chini ya euro 15, miaka ya 2013, 2017 na 2021 haina sababu ya kuguswa.

Angalizo: mwaka ni wa eneo, si wa Ufaransa nzima. Muuzaji akikwambia "2018 ulikuwa mwaka mzuri Ufaransa," muulize wapi. Mwaka huo huo ubwiri uliutesa sana mzabibu wa Grenache kusini mwa bonde la Rhône. 2019 una bahati kwamba ulikuwa mzuri kote kuwili, Bordeaux na Rhône ya kusini.

Utafute wapi

Achana na Pauillac, Margaux na Pomerol. Kwenye majina hayo unalipia jina la kijiji kabla hujafika kwenye mvinyo. Tafuta majirani zao.

Upande wa kulia wa mto Dordogne, ambako zabibu ya Merlot ndiyo inayotawala, jirani wa kwanza kutazama ni Castillon, unaoandikwa kwenye lebo Castillon Côtes de Bordeaux. Udongo wa chokaa wa Saint-Émilion, jirani yake maarufu, hauishii kwenye mpaka wa utawala. Unaendelea mashariki hadi Castillon, na bei inashuka ghafla ukivuka. Shamba la Château d'Aiguilhe ni mfano mzuri, ingawa umaarufu umeanza kuipandisha bei. Magharibi kuna Fronsac na Canon-Fronsac, vilima ambavyo mvinyo wake ulikuwa mkavu na mgumu zamani lakini mwaka wa joto unaulainisha: tazama Château Dalem na Château de la Dauphine. Lalande-de-Pomerol, Montagne Saint-Émilion, Lussac na Puisseguin wako kwenye kundi hilo hilo. Kwa kuwa Merlot huiva mapema na ina ukakasi mdogo, chupa hizi ndizo za kuanzia kwa mtu ambaye hajazoea Bordeaux.

Upande wa kushoto wa mto Gironde, rasi ya Médoc, zabibu kuu ni Cabernet Sauvignon. Humo tafuta Haut-Médoc, Moulis, Listrac, na Médoc yenyewe ya kaskazini. Majina yanayoaminika bila kuumiza sana ni Château Lanessan, Fourcas Hosten, Poujeaux, Chasse-Spleen, Potensac na Cantemerle. Hili la mwisho limo kwenye orodha maarufu ya 1855 ya madaraja ya mashamba ya Bordeaux, daraja la tano, na bado huuzwa chini kuliko wenzake wengi wa orodha hiyo.

Nchini Ufaransa, chupa za makundi haya nyingi zinaangukia kati ya euro 10 na 25. Chini ya euro 6, fahamu kwamba chupa, kizibo, lebo, sanduku, usafiri na kodi vimeshakula sehemu kubwa ya pesa yako. Kilichobaki kwa ajili ya zabibu ni kidogo. Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam hesabu hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa ujazo hauangalii ubora. Chupa hafifu na chupa nzuri zenye ujazo na kiwango kimoja cha pombe zinabeba ushuru ule ule, kwa hiyo kuongeza kidogo juu ya bei ya chini kabisa hukupa mvinyo bora zaidi kuliko nyongeza hiyo inavyoonyesha.

Kama hata hizo ni ghali, hama Bordeaux. Côtes du Rhône Villages ya 2019 yenye jina la kijiji, kwa mfano Séguret, Sablet au Plan de Dieu, hutoa mvinyo mnene wa Grenache na Syrah kwa euro 8 hadi 12. Cairanne ilipandishwa kuwa na jina lake yenyewe mwaka 2016, na bei yake bado haijaufikia ubora wake. Tahadhari yake ni pombe: asilimia 14.5 au 15 ni kawaida.

Kusoma lebo

Anza na mwaka. Huo ni mwaka wa kuvunwa zabibu, si wa kutia kwenye chupa, na sheria ya Umoja wa Ulaya inataka angalau asilimia 85 ya mvinyo iwe imetoka kwenye mavuno hayo. Tafuta mwaka kwenye lebo ya mbele au ya shingoni. Rafu ya duka isiaminiwe, maana kibao cha bei hubaki kinasoma 2019 hata baada ya 2021 kupangwa juu yake. Hili ndilo kosa linalowapata watu kuliko yote.

Kisha tafuta jina la eneo baada ya neno Appellation. Kadiri eneo linavyokuwa dogo, ndivyo masharti yanavyozidi kuwa magumu: "Bordeaux" tupu ni mkoa mzima, "Bordeaux Supérieur" ni hatua moja juu, "Haut-Médoc" au "Fronsac" ni juu zaidi.

Tatu, maneno "Mis en bouteille au château". Maana yake mvinyo ulitiwa chupani pale pale shambani. Ukikuta "Mis en bouteille par" likifuatiwa na jina la kampuni, mara nyingi ni mfanyabiashara aliyenunua mvinyo wa mashamba mbalimbali akauchanganya. Si haramu, na wapo wanaofanya vizuri, lakini kwa mwaka mzuri unataka kilichotoka shamba moja.

Yapo maneno yasiyo na uzito wowote. "Grand Vin de Bordeaux" huandikwa hata kwenye chupa za kawaida kabisa. "Vieilles Vignes," yaani mizabibu mizee, hayana umri uliowekwa na sheria. "Saint-Émilion Grand Cru" huwapoteza wengi: hilo ni jina la eneo lenye masharti kidogo zaidi, si tuzo. Tuzo ni "Grand Cru Classé," na bei itakuonyesha tofauti kabla hujamaliza kusoma. "Cru Bourgeois" kwa upande wake ni daraja rasmi la Médoc. Lile lililotangazwa 2020 lilikuwa na mashamba 249 katika ngazi tatu: Cru Bourgeois, Supérieur na Exceptionnel. Ngazi ya chini, Cru Bourgeois tupu, ya 2019, euro 10 hadi 15, ni ununuzi ambao ni vigumu kuujutia.

Medali ya dhahabu isikusisimue. Mashindano ni mengi na medali ni nyingi zaidi. Ukiiona, hakikisha mwaka wa shindano unaingia akilini: mvinyo wa 2019 hauwezi kuwa na medali ya 2018.

Kukagua chupa yenyewe

Mwaka mzuri haumwokoi mvinyo uliopikwa kwenye kontena. Inua chupa kwenye mwanga. Kwa chupa ya umri huu, mvinyo unapaswa kufika shingoni, si kuishia mabegani. Pitisha kidole juu ya kofia ya bati: ikiwa imeinuka, kizibo kimesukumwa na joto. Ikiwa inanata au kuna mchirizi mkavu unaoshuka shingoni, mvinyo umevuja, na palipotoka mvinyo hewa imeingia. Rudisha rafuni. Chupa iliyosimama dirishani pa duka, au juu kabisa karibu na taa, usiichukue hata ikipunguzwa nusu bei. Omba iliyo kwenye sanduku.

Kenya na Tanzania, angalia pia stempu ya kodi. Programu ya Soma Label ya KRA na Hakiki Stempu ya TRA husoma stempu hiyo kwa simu. Chupa ya Ufaransa isiyo na stempu imepita njia za panya, na hakuna anayejua imekaa juani siku ngapi.

Bei, na mitego yake

Kwa walioko Ufaransa, msimu ni Septemba, wakati wa foires aux vins, ambapo maduka makubwa huuza mvinyo kwa bei ya kuvutia. Mashamba yanayojulikana hupatikana humo kwa faida ndogo ya muuzaji. Mtego ni château usiyoisikia popote, "ilikuwa euro 14, sasa 6.95": hiyo 14 huenda haijawahi kulipwa na mtu. Ingiza jina na mwaka kwenye Wine-Searcher, tovuti ya kulinganisha bei za mvinyo, kabla ya kulipa. Angalia pia kama bei unayolinganisha ni TTC, yenye kodi ndani, au HT, isiyo na kodi. Ufaransa tofauti ni asilimia 20. Uingereza, bei ya "in bond" bado haina ushuru wala VAT.

Kununua mvinyo ukiwa bado kwenye mapipa, waitavyo en primeur, hakuna maana kwa chupa za daraja hili. Unafunga pesa yako kwa karibu miaka miwili, na mara nyingi chupa ile ile huja rafuni kwa bei hiyo hiyo au chini.

Usinunue sanduku kwanza. Nunua chupa moja, inywe na chakula nyumbani, ukiridhika rudi siku hiyo hiyo au kesho yake uchukue sita. Mwaka mzuri huisha haraka.

Kuhifadhi na kunywa

Joto linalofaa ni nyuzi 12 hadi 14, gizani, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke. Mombasa, Dar au Zanzibar, kabati la jikoni juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Bila chumba chenye kiyoyozi cha kudumu, nunua cha kunywa ndani ya miezi michache na ukiweke sehemu ya chini ya friji. Bordeaux Supérieur na Blaye za 2019 zinywe sasa. Castillon na Fronsac zinavumilia hadi karibu miaka 12 tangu mavuno, Cru Bourgeois nzuri hadi 15, mradi zimehifadhiwa vizuri.

"Joto la chumba" linalosemwa kwenye lebo ni chumba cha Ulaya: nyuzi 16 hadi 18. Kwenye nyuzi 30, mvinyo mwekundu hunuka pombe tu. Weka chupa kwenye friji ipoe kabla ya kufungua. Wa Médoc umimine kwenye jagi la kioo, uache saa moja, ukakasi utalegea. Punje zinazometa chini ya kizibo au kwenye kitako cha chupa ni chumvi za asidi ya zabibu, hazina madhara.

Harufu ya kadibodi iliyoloa ni kasoro ya kizibo, na haiondoki kwa kusubiri. Ladha ya tunda lililochemshwa, pamoja na rangi inayoelekea kahawia kwa chupa ya umri huu, ni joto. Kwa kasoro ya kizibo duka zuri litakubadilishia, ila usimwage: rudisha chupa ikiwa na mvinyo mwingi ndani, kizibo chake na risiti, kesho yake, si wiki ijayo.