Somo: Mtoto anapenda keki, umwanzishe wapi?

Swali hili limeulizwa mara nne wiki hii, kwa hivyo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

1. Mnunulie mizani ya jikoni. Kikombe cha chai si kipimo, kila nyumba ina chake.

2. Aanze na mkate wa mayai, si keki ya siagi. Mayai 4, sukari gramu 120, unga wa ngano gramu 120, iliki nusu kijiko cha chai. Bekingi pauda haimo. Kinachoinua ni hewa, na mtoto anaiona ikiingia. Mayai na sukari vipigwe kwa mashine dakika 8 hadi 10, mpaka ukiinua mchapo, mchirizi ukae juu kidogo kabla ya kuzama. Unga uchekechwe juu yake kwa awamu tatu, uchanganywe kwa mwiko kutoka chini kuja juu.

3. Moto ni wa mtu mzima. Oveni nyuzi 170, dakika 25 hadi 30. Wa makaa: sufuria nzito, makaa machache chini, palia mengi juu.

4. Koni ya karatasi ya kuokea, ya kuchorea krimu juu ya keki. Mtoto aliyezoea koni ya hina ana nusu ya kazi mkononi: bonyeza, inua, uache uzi uanguke wenyewe, usiukwaruze. Achore nyuma ya sinia, krimu ikwanguliwe irudi bakulini. Mistari, nukta, majani. Waridi mwisho kabisa. Akikosa la kuchora, milango ya Lamu imejaa nakshi. Koni iwe mpya, kamwe si iliyotiwa hina wala piko, ile rangi nyeusi ya kujichora.

5. Krimu. Hapa ndipo watoto wengi huachia njiani. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 na hulegea mapema zaidi. Kaskazi ikivuma, jikoni Malindi hufika huko bila jiko kuwashwa. Ua linaporomoka, mtoto anadhani mkono wake mbaya, kumbe ni mafuta. Changanya siagi gramu 100 na mafuta magumu meupe yasiyo na harufu gramu 150, piga mpaka yawe meupe, kisha sukari ya unga gramu 500, chumvi chembe chache. Maziwa kijiko kimoja kimoja, na mara nyingi kimoja chatosha. ONYO: keki ipoe kabisa, saa 2 au zaidi, ikiwa vuguvugu chini tu, krimu yote itateleza. ONYO: kiganja cha mtoto ni moto, koni ijazwe nusu tu na ibadilishwe kila dakika chache. Krimu ikilegea, bakuli liingie friji dakika 10, lipigwe tena. Usiongeze sukari, itakuwa tamu ya kukera na bado italegea.

6. Usimnyang'anye koni ili umrekebishie ua.

MASWALI

Mama Watatu: Naomba resipi.
Jibu: Hatua ya 2.

Mama Watatu: Sina mizani, nitumie kikombe?
Jibu: Hatua ya 1, dadangu.

Wa Shela: Binti yangu ana miaka 9. Mkate unaumuka vizuri kisha unazama katikati. Tulifunua dakika ya 12 kutazama. Ndiyo sababu, au ni unga?
Jibu: Umeuliza vizuri. Dakika ya 12 katikati bado ni povu bichi. Baridi ikiingia, linaanguka. Msifunue kabla ya dakika 20. Ikiwa hata hivyo unazama, tazameni unga: vidonge vyeupe chini vina maana haukuchanganyika, mkate mzito kama mpira una maana umekorogwa kupita kiasi. Mpe binti daftari aandike dakika na makaa, atajigundulia mwenyewe.

Baba Mkomani: Mwanangu ni mvulana. Watu hawatamcheka?
Jibu: Pilau ya harusi mjini hupikwa na nani? Endelea.

Mpenda Rangi: Krimu yetu nyekundu inatoka rangi ya waridi.
Jibu: Rangi ya maji hulegeza krimu, tafuta ya jeli. Tieni leo, mchore kesho. Rangi hukolea ikilala. Nyekundu na nyeusi zikizidi huwa chungu, ziwe za mistari tu.

Wa Shela: Ahsante. Na keki ya kuvuka kwa mashua kutoka Lamu mjini?
Jibu: Paka krimu kidogo chini ya keki ishikane na ubao. Boksi likae sakafuni mwa mashua, si mapajani. Maua msiyaweke, bebeni koni kwenye chombo chenye barafu, mchore mkishafika.

Baba Mkomani: Na kwa punda?
Jibu: Tembea.