Lambo kukauka hakumalizi magugu maji

Lambo likikauka mwezi wa Oktoba, magugu maji hunyauka, na wafugaji wengi wa Dodoma huona yamekwisha. Hayajaisha. Gugu hili la maua ya zambarau, lililotoka bonde la Amazon, likishachanua hupinda kikonyo cha ua na kudondosha mbegu majini. Topeni zinaweza kukaa hai hadi miaka 20, na huota tope lililopigwa jua linapopata maji kidogo. Ndiyo hali ya lambo mvua za Desemba zinapoanza.

Kwa hiyo kazi yenye tija ni ya wiki za mwanzo za mvua. Kagua ukingo kila wiki. Mche mchanga huwapotea wengi kwa sababu haufanani na gugu kubwa: majani ni membamba, vikonyo havijavimba, na mizizi imeshika tope. Ung'oe hapo hapo. Maji yakipanda mche utaachia tope, utaelea na kuzaa vichipukizi pembeni. Penye joto na samadi nyingi, eneo lililofunikwa huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili.

Yanayoelea yavute kwa reki ya mpini mrefu kabla hayajachanua, ukianzia upande yanakosukumwa na upepo. Okota hata vipande, maana kila kichipukizi ni mmea mpya. Vaa mabuti marefu na glavu. Konokono wa kichocho hukaa humo. Yaache siku mbili yanyauke, maana zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kisha yapeleke mahali ambapo mafuriko hayatayarudisha. Yasiyo na maua yafaa kwa mboji pamoja na samadi na mabua ya mtama. Yenye maua kausha, choma.

Fukusi wa Neochetina, wadudu wanaokula magugu maji, walisaidia sana Ziwa Victoria, lakini lambo la msimu haliwafai: watoto wao hukulia ndani ya vikonyo na kwenye mizizi ya gugu lililo hai, hivyo maji yakiisha nao huisha. Viuagugu visipulizwe kwenye maji ya kunywa. Isitoshe, magugu mengi yakioza kwa pamoja humaliza oksijeni na samaki hufa.

Kinacholisha gugu ni kinyesi cha ng'ombe wanaoingia majini. Zungushia lambo ua wa minyaa, na birika la kunyweshea lijengwe chini ya tuta, lipate maji kwa bomba.