Maambukizi ya bakteria kwenye ngozi: namna ya kuyatambua na kuyatibu hatua kwa hatua

Kila masika yanapoanza, wagonjwa wa miguu huongezeka katika zahanati ninayofanyia kazi hapa Moshi. Wengi hutoka tambarare, Mabogini na Chekereni, ambako mkulima wa mpunga hushinda na miguu ndani ya maji ya majaruba; wengine hushuka kutoka kwenye vihamba vya migomba wakiwa wamevaa mabuti ya mpira ambayo hayajakauka ndani kwa wiki nzima. Maelezo yao hayatofautiani sana: mguu uliwasha katikati ya vidole, wakajikuna, kisha baada ya siku chache ukavimba na kuuma. Mwongozo huu ni kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kwa yeyote anayeuguza mtu nyumbani. Dawa nitazitaja kwa majina ili uelewe unachoandikiwa na tabibu, si ili uende kujinunulia dukani.

Hatua ya 1: Gusa kabla ya kuamua

Vitabu vingi husema kwamba ngozi iliyoambukizwa huwa nyekundu, na kauli hiyo ilitokana na kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utakachoona ni sehemu iliyokoza weusi au kuelekea zambarau, inayong'aa na kukazika kama ngozi iliyowambwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimrudisha nyumbani mama mmoja na vidonge vya parasetamoli kwa sababu niliutazama mguu wake katika chumba chenye mwanga hafifu na sikuona wekundu wowote. Siku mbili baadaye mwanawe alimleta kwa bodaboda akitetemeka kwa homa, uvimbe ukiwa umefika gotini. Sikuwa nimeugusa mguu ule hata mara moja.

Mweke mgonjwa mahali penye mwanga wa jua, anyooshe miguu yote miwili. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye mguu mzima kwanza, kisha kwenye ule unaouma, mahali palepale. Tofauti ya joto utaihisi mara moja. Bonyeza taratibu pembezoni mwa uvimbe na umuulize maumivu yanaishia wapi. Pitisha vidole kinenani kutafuta mtoki, kwa kuwa tezi iliyovimba na kuuma upande uleule huongeza uhakika kwamba kuna maambukizi. Mwisho, panua vidole vya mguu kimoja kimoja, hasa kati ya kidole kidogo na kinachokifuata. Ngozi nyeupe iliyolowa na kuchanika utakayoikuta hapo ni fangasi, na ndio mlango ambao bakteria walipitia.

Hatua ya 2: Pambanua ni aina gani

Wahusika wakuu ni bakteria wa aina mbili, stafilokokasi na streptokokasi. Wakikaa juu ya ngozi, kama inavyotokea sana kwa watoto, huleta impetigo: malengelenge madogo yanayopasuka kuzunguka pua na mdomo na kuacha magamba ya rangi ya asali. Wakijikusanya mahali pamoja na kutengeneza usaha, hilo ni jipu. Wakisambaa katika tabaka za chini za ngozi bila kujikusanya, huo ni ugonjwa unaoitwa seluliti, na ndio niliokuwa nauzungumzia hapo juu.

Kabla ya kuhitimisha, jiulize kama kweli ni bakteria. Seluliti mara chache sana hushika miguu yote miwili kwa pamoja. Uvimbe wa miguu yote humtaka daktari apime moyo, figo na ini. Malengelenge yaliyojipanga upande mmoja wa mwili, yakitanguliwa na maumivu ya kuchoma, ni mkanda wa jeshi, ambao husababishwa na kirusi. Na uvimbe wa mguu mmoja, wenye maumivu katika shavu la mguu lakini bila mchubuko wala homa, unaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na huyo hasubiri kesho.

Hatua ya 3: Chora mpaka

Chukua kalamu ya wino, zungushia mstari pale joto na uvimbe vinapoishia, kisha andika tarehe na saa pembeni. Kwenye ngozi nyeusi mstari huo uchorwe kwa kufuata mguso, kwa kuwa macho yatakudanganya. Uvimbe unaweza kuuvuka mstari kidogo katika siku ya kwanza hata kama dawa inafanya kazi, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha dawa. Lakini baada ya saa 48 homa na maumivu vinapaswa kuwa vimeanza kupungua. Visipopungua, mgonjwa arudi akaonwe.

Hatua ya 4: Tibu kulingana na aina

Impetigo ya madoa machache huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hadi magamba yalainike na kutoka, kisha hupakwa marhamu ya mupirosini au asidi fusidi kwa siku 5. Ikienea mwilini, mtoto huandikiwa dawa ya kunywa kulingana na uzito wake. Mkague pia upele katikati ya vidole vya mikono, kwa maana kama upele ndio uliomfanya ajikune, bila kuutibu kwa nyumba nzima utamwona tena mwezi ujao.

Jipu hukandwa kwa kitambaa safi chenye maji ya moto yanayovumilika, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Likiiva, tiba yake ni kupasuliwa na tabibu kwa vifaa safi. Vidonge peke yake havimalizi usaha uliojifungia. Usilikamue, na la karibu na pua au mdomo usiliguse kabisa, kwa kuwa mishipa ya damu ya eneo hilo ina njia ya kuelekea kwenye ubongo.

Seluliti isiyo kali kwa mtu mzima kwa kawaida huandikiwa kloksasilini au flukloksasilini, miligramu 500 mara nne kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, tumbo likiwa tupu. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema ili apewe dawa nyingine. Amoksilini peke yake, ambayo wengi huikimbilia, haifai kutegemewa, kwa sababu stafilokokasi walio wengi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja. Na ile desturi ya kufungua vidonge vya rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda naiomba iachwe: unga hugeuka gamba, na usaha hubaki chini yake. Mguu uinuliwe juu ya mto kuliko usawa wa moyo. Jambo hili dogo hupunguza maumivu kuliko wagonjwa wanavyotarajia. Mtu mzima yeyote mwenye seluliti au majipu yanayojirudia napenda apimwe sukari.

Hatua ya 5: Jua wa kupeleka hospitali leo

Maumivu makali kupita uvimbe unaoonekana, ngozi inayogeuka rangi ya majivu au kufa ganzi, malengelenge yenye damu, kuchanganyikiwa, mapigo ya moyo ya haraka, uvimbe unaozunguka jicho, mtoto mchanga, au mgonjwa wa kisukari mwenye homa: hawa waende Mawenzi au KCMC bila kungoja dozi ya kwanza ifanye kazi. Mtoto aliyepona impetigo, kisha wiki chache baadaye akaamka na macho yaliyovimba au akakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, apimwe figo.

Hatua ya 6: Ziba mlango

Fangasi wa vidole watibiwe kwa krimu ya klotrimazoli kwa wiki kadhaa, hata baada ya muwasho kuisha. Miguu ioshwe kila jioni na kukaushwa katikati ya vidole. Mabuti yajazwe magazeti makavu usiku, na asubuhi yachomekwe juu ya vijiti viwili uani, midomo ikitazama chini, hadi utakapoingiza mkono ndani na kuutoa mkavu.