Kulipia programu ya ramani za mavuno: piga hesabu hivi kabla hujatoa hela

Ramani ya mavuno inaonyesha kila sehemu ya shamba imetoa kiasi gani, na programu za kuitengeneza zinauzwa kwa ada. Wengi wanaanzia mwisho. Wanaona demo, rangi nzuri, muuzaji anazungusha ramani kwenye tableti, basi wanalipa ada ya mwaka mzima, afu msimu ukija mbolea inamwagwa kiwango kile kile shamba zima kama mwaka jana. Hapo hela imeenda bure, maana ramani haiongezi hata kilo moja, kinachoongeza ni kile unachobadilisha ukishaiangalia. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei chukua karatasi uandike uamuzi mmoja au miwili ambayo kweli utaifanya tofauti, mfano kupunguza mbegu pale pasipozaa, kuweka chokaa sehemu zenye asidi tu badala ya shamba zima, kuchimba mfereji pale maji yanaposimama, au kuacha kabisa kulima kona fulani. Karatasi ikibaki tupu we kaa na hela yako, huna haja ya kuendelea kusoma.

Kama kuna kitu umeandika, sasa piga hesabu. Usihesabu kwa pesa kwanza, hesabu kwa kilo. Chukua gharama yote ya mwaka (sio ada tu, weka na muda wa mtu atakayekaa kwenye kompyuta, na kifaa cha kutuma data kama wanakuuzia) uigeuze iwe kilo za zao lako kwa bei unayouzia, afu gawanya kwa hekta. Tuseme gharama yote ni sawa na tani 6 za mahindi. Ukiwa na hekta 200 unahitaji kilo 30 tu za ziada kila hekta ili urudishe hela, hiyo inawezekana, hata kuokoa mbolea kidogo tu kunaweza kuifikia. Ukiwa na hekta 20 unahitaji kilo 300 kila hekta, na hapo mi ningesita sana, labda uwe na tatizo kubwa ambalo unajua kabisa ramani italifichua. Ndo maana yule jirani mwenye shamba kubwa anaisifia programu na wewe ukiinunua unaona imekula faida, wote wawili mko sahihi.

Hatua inayofuata watu hawaipendi, nayo ni kukagua data yenyewe. Data inatoka kwenye kombaini, ile mashine ya kuvunia, nayo haipimi mavuno moja kwa moja, mara nyingi nafaka inapiga bamba lenye sensa huko juu inakopandishwa, sensa nyingine inapima unyevu, GPS inasema mashine iko wapi, afu mfumo unagawanya kwa mwendo na upana wa hedi (ile sehemu ya mbele inayokata). Kimoja kikiwa na makosa ramani yote inadanganya. Upana ukiwa umewekwa hedi nzima wakati dereva anakata nusu, pale patasomeka kama hapajazaa kumbe hedi ilikuwa nusu tupu. Halafu kuna kuchelewa, nafaka inatumia sekunde kadhaa kutoka kwenye hedi mpaka kwenye sensa, sasa mashine ikienda kilomita 6 kwa saa na kuchelewa kukiwa sekunde 12, nafaka inayopimwa ilikatwa mita 20 nyuma. Mfumo huwa unarekebisha hilo lakini ukiwekewa namba isiyo sahihi mipaka ya sehemu nzuri na mbaya inasogea, na utaona ramani ina michirizi kama zigizaga, njia ya kwenda na ya kurudi hazilingani.

Dawa yake ni mizani. Vuna mizigo kadhaa, mingine mashine ikienda polepole na mingine ikienda kasi ili nafaka ipite kidogo na nyingi, pima kila mzigo kwenye mizani ya kweli, ingiza uzito kwenye monita (skrini ya mashine inayoonyesha mavuno). Rudia ukibadilisha zao, na unyevu ukibadilika sana pia rudia. Kazi hii hakuna programu ya kulipia itakufanyia! Programu ya bei mbaya juu ya sensa ambayo haijapimwa inakupa uongo wenye rangi nzuri, basi.

Ukishakuwa na data ya maana, maliza msimu mmoja na vya bure. QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, ni ya bure kabisa, inafungua mafaili ya shapefaili (ya ramani) na CSV (ya jedwali), na ina nyongeza inaitwa PAT iliyotengenezwa na CSIRO, shirika la utafiti la Australia, kwa kazi hizi hizi za kilimo. Kusafisha data kuna Yield Editor, ya watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, nayo bure, inakata zile pointi za kugeuza mashine, za kusimama ghafla na za kuchelewa. Watengenezaji wengine wa mashine nao wanatoa akaunti ya bure, John Deere wana Operations Center. Sikudanganyi, QGIS inaumiza kichwa mwanzoni na mtu asiyependa kompyuta ataichukia, lakini hicho ndo kipimo kizuri, manake ukishahangaika nayo unajua ni kazi gani hasa unataka kumlipa mtu akufanyie.

Na kama huna kombaini yenye monita usikimbilie kununua. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure, pikseli yake (kile kipande kidogo kabisa cha picha) ni mita 10 kwa 10, yani hekta moja ina pikseli 100, na anga ikiwa wazi unapata picha mpya kila baada ya siku chache. Zinaonyesha mimea ilivyo na nguvu, sio kilo ulizovuna, usichanganye hivyo viwili. Ila kona ambayo kila msimu inanyauka mapema utaiona, nenda na jembe uchimbe uone chini kuna nini, na ikibidi pima mavuno ya hiyo sehemu kwa magunia uliyotoa.

Usiamue kwa ramani ya mwaka mmoja pia. Mwaka wa mvua nyingi bonde linazama na mlima unazaa, mwaka wa ukame inageuka. Miaka 3 au zaidi ndo unaanza kuona sehemu ambazo ni mbovu siku zote na zile zinazobadilika badilika, na hizo mbili dawa yake ni tofauti.

Wapi basi kulipa kunaeleweka? Mi naona pale una mashine za kampuni tofauti zinazotoa mafaili tofauti na unataka zikae sehemu moja, au una mashine ya mbolea inayoweza kubadilisha kiwango ikitembea na unahitaji kuitengenezea ramani za maelekezo kila msimu, au unafanya majaribio ya mistari. Hili la mwisho watu wanalidharau sana: weka mistari michache yenye mbolea pungufu katikati ya shamba, irudie sehemu mbalimbali, vuna, afu programu ikukokotolee tofauti. Jibu moja la hivyo linaweza kulipa ada yote, maana ni la udongo wako sio la kwenye kipeperushi.

Kabla hujaweka kadi muulize muuzaji haya: nikiacha kulipa data yangu naitoaje na kwa faili gani, ile ghafi au picha tu? Bei ni kwa hekta au kwa mashine, na mwaka wa pili inabaki hiyo hiyo? Nani mwingine anaona data yangu? Majibu yaje kwa maandishi. Afu omba kipindi cha majaribio na uingize data ya shamba lako mwenyewe, sio lile la demo, ikishindwa kusoma mafaili ya monita yako siku ya kwanza jua haitaweza katikati ya mavuno, na zima ile kujilipia yenyewe kwenye akaunti kabla kipindi cha bure hakijaisha.